Kutoka Mahali hadi Wakati, Kutoka Lazima hadi Labda: Asili ya Vielezi na Lugha ya Tahadhari katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Ikisiri

Makala haya yanaeleza asili na maana ya baadhi ya vielezi vya Kiswahili, yakivilinganisha na vya Kireno na Kiingereza, ili kuonesha kwa nini aina hii ya maneno inaweza kuwa chanzo cha makosa makubwa katika matangazo ya tahadhari. Eneo la rejea ni kisiwa cha Vamizi na pwani inayokizunguka, ambako taarifa rasmi huandikwa kwa Kireno, kazi nyingi za misaada ya kimataifa hupangwa kwa Kiingereza, na wananchi huzungumza Kimwani, Kimakwe na Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba vielezi vya dharura, uhakika na wakati hulegea maana kadiri vinavyotumika, na kila lugha huvilegeza kwa njia yake. Kwa hiyo, amri au muda uliobebwa na kielezi peke yake haufiki salama katika lugha ya pili. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo sita kwa waandaaji wa sera za mawasiliano ya umma.

Istilahi muhimu: kielezi, asili ya maneno, tafsiri, tahadhari, Kimwani, Cabo Delgado

1.0 Utangulizi

Tarehe 25 Aprili 2019, wiki sita baada ya Kimbunga Idai kuupiga mji wa Beira, Kimbunga Kenneth kilitua katika pwani ya Cabo Delgado, kaskazini ya Pemba. Kilikuwa na nguvu za daraja la 4, katika eneo lisilozoea vimbunga vikali kiasi hicho. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na upepo mkali zaidi uliingia nchi kavu jioni. Kwa mtumishi wa serikali aliyezoea hesabu ya Kireno, usiku uliofuata ulikuwa usiku wa Alhamisi. Kwa mzee wa pwani anayehesabu siku kuanzia machweo, usiku huo huo ulikuwa usiku wa Ijumaa. Wote wawili wako sahihi, kila mmoja kwa hesabu yake. Lakini tangazo linalosema "usiku wa Ijumaa" lingewaelekeza watu hawa wawili kwenye nyakati zilizoachana kwa saa 24.

Mfano huu unaonesha tatizo linaloshughulikiwa na makala haya. Katika tangazo la tahadhari, nomino na vitenzi hupewa uangalizi mkubwa. Watafsiri hujadiliana kuhusu neno linalofaa kwa kimbunga, mafuriko, makazi ya muda au kuhama. Vielezi havijadiliwi sana kwa sababu vinaonekana kuwa maneno madogo na ya kawaida: leo, kesho, sasa hivi, mara moja, labda, hapo, kusini. Hata hivyo, ni vielezi vinavyomwambia msikilizaji aondoke lini, kwa kasi gani, kuelekea wapi, na kama anayemwambia ana uhakika.

Wanasarufi wa Kiswahili hukieleza kielezi kuwa neno au fungu la maneno linalotoa taarifa zaidi kuhusu kitenzi, kivumishi au kielezi kingine. Kwa kawaida hukigawa katika vielezi vya mahali, vya wakati, vya namna na vya idadi au kiasi. Mgawanyo huo unatosha darasani. Kwa madhumuni ya makala haya, swali linalotangulia ni jingine: maneno haya yalitoka wapi, na asili yake inatufundisha nini kuhusu tabia yake ya sasa?

2.0 Muktadha wa Kilugha wa Vamizi na Pwani Yake

Vamizi ni kisiwa chembamba cha matumbawe katika funguvisiwa la Quirimbas, ndani ya wilaya ya Palma, kusini ya mdomo wa mto Ruvuma. Wakazi wake wa asili huishi kwa uvuvi na kwa kukusanya viumbe vya baharini maji yanapokupwa. Nje ya eneo hilo kisiwa kinafahamika zaidi kwa matumbawe yake, kasa wanaotaga katika fukwe zake, na utalii wa kifahari.

Lugha ya jamii za pwani kuanzia Ibo hadi Mocímboa da Praia na visiwa vya jirani ni Kimwani, ambacho jina lake lenyewe lina maana ya lugha ya pwani. Kimwani kina msamiati mwingi unaofanana na wa Kiswahili, na wanaisimu wamejadiliana kwa muda mrefu kuhusu nafasi yake. Wapo waliokiweka katika kundi moja na lahaja za Kiswahili, ilhali tafiti za baadaye, ikiwemo ile ya Nurse na Hinnebusch ya mwaka 1993 kuhusu historia ya Kiswahili na lugha za Kisabaki, zilionesha kuwa uhusiano huo si wa moja kwa moja. Petzell alichapisha muhtasari wa sarufi yake mwaka 2002. Kaskazini zaidi, kuelekea Ruvuma, huzungumzwa Kimakwe, ambacho Devos alikifanyia sarufi kamili iliyochapishwa mwaka 2008. Kiswahili chenyewe kimeenea kwa biashara, uvuvi, dini na undugu unaovuka mpaka. Wavuvi kutoka Tanzania hufika katika visiwa hivi kwa misimu, na wakazi wa Palma wana jamaa Mtwara. Ikumbukwe pia kwamba Kionga, kusini ya mdomo wa Ruvuma, ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Wajerumani hadi Vita Kuu ya Kwanza.

Juu ya lugha hizo kuna Kireno. Katiba ya Msumbiji ya mwaka 2004 inakitaja Kireno kuwa lugha rasmi katika ibara ya 10, na katika ibara ya 9 inaitaka dola kuzithamini na kuziendeleza lugha za taifa. Taarifa za hali ya hewa na za maafa huanza kwa Kireno. Tangu mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, na hasa baada ya visiwa, Vamizi ikiwemo, kuvamiwa Septemba 2020 na mji wa Palma kushambuliwa Machi 2021, mashirika mengi ya misaada yameingia katika mkoa, na mengi kati yake hupanga kazi zake kwa Kiingereza. Hivyo, ujumbe mmoja unaweza kuandikwa kwa Kiingereza, kupitishwa kwa Kireno, kisha kutamkwa kwa Kiswahili au Kimwani mbele ya watu waliokimbia makwao. Katika kila hatua, kielezi huvuka mpaka.

3.0 Vielezi Huzaliwaje?

3.1 Mwili, akili na ini

Vielezi vichache sana ni vielezi tangu mwanzo. Vingi vilikuwa nomino, vitenzi au mafungu ya maneno yaliyokakamaa. Kiingereza huunda vielezi vya namna kwa kiambishi tamati "-ly". Kiambishi hicho kinatokana na neno la Kiingereza cha kale "līc", lililomaanisha mwili au umbo. Kutenda jambo kwa upole kulikuwa, kwa asili, kulitenda kwa umbo la upole. Kireno hutumia "-mente", kutoka neno la Kilatini lenye maana ya akili au nia. Kutenda jambo "lentamente" kulikuwa kulitenda kwa nia isiyo na pupa. Leo wazungumzaji wa lugha hizo hawausikii tena mwili wala akili katika maneno hayo.

Kiswahili kilifuata njia ya ngeli. Kwa namna ya kutenda, hutumia viambishi ki- na vi-: kula kitoto, kuvaa kizungu, kusema vizuri, kuishi vibaya. Kwa mahali, hutumia ngeli ya PA-KU-MU pamoja na kiambishi tamati -ni. Kuhusu asili ya -ni, Samsom na Schadeberg (1994) walipendekeza kwamba inatokana na nomino ini, kiungo kilichochukuliwa kuwa kitovu cha undani wa mtu. Pendekezo hilo likikubaliwa, tunapata ulinganifu wa kuvutia: Kiingereza kilianzia kwenye mwili, Kireno kwenye akili, na Kiswahili kwenye ini. Jambo la msingi ni kwamba kielezi huzaliwa pale neno lenye maana inayoshikika linapopoteza uzito wake na kuwa chombo cha sarufi. Kupungua huko kwa uzito huendelea hata baada ya kielezi kuzaliwa, na hapo ndipo tatizo la tahadhari huanzia.

3.2 Kutoka mahali hadi wakati na uwezekano

Mahali ni chimbuko kubwa la vielezi vya Kiswahili. Neno chini limetokana na nchi pamoja na -ni, yaani kwenye ardhi; kwa hiyo chini na nchini ni ndugu, ingawa leo moja hutaja upande na jingine hutaja taifa. Neno juu linatokana na mzizi wa Kibantu wenye maana ya mbingu au sehemu ya juu, na jamaa zake ni "eggulu" katika Kiganda na "izulu" katika Kizulu, yote yakimaanisha mbingu. Pwani ni mahali maji yanapokupwa.

Kutoka mahali, maneno huhamia kwenye wakati. Papo hapo lilimaanisha mahali pale pale. Leo lina maana ya bila kukawia. Kireno kina mfano unaofanana: "logo", linalotumika kwa maana ya punde au baadaye, limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya "mahali". Hatua inayofuata ni kutoka mahali au wakati hadi uwezekano. Pengine ni pa pamoja na -ngine, yaani mahali pengine; likawa wakati mwingine, na sasa hutumika zaidi kwa maana ya huenda. Kireno kikafanya vivyo hivyo kwa wakati: "talvez", yaani labda, ni "mara kama hiyo".

3.3 Kutoka kitenzi

Vielezi vingine ni vitenzi vilivyotulia. Kisha kinahusiana na kitenzi -isha, kumalizika. Huenda ni kitenzi -enda chenye kiambishi cha mazoea hu-, kilichokuja kutaja jambo linaloweza kutokea. Kiingereza kina neno linalofanana nalo kwa muundo, "maybe", ambalo awali lilikuwa sentensi nzima yenye maana kwamba jambo linaweza kuwa.

Kesho linahusiana na kukesha na kucha, yaani kufikia mapambazuko. Hapa lugha zote tatu zinakutana: "amanhã" ya Kireno imejengwa juu ya neno la Kilatini la asubuhi, na "tomorrow" ya Kiingereza imejengwa juu ya neno la kale la asubuhi. Jamii tatu zilizokuwa mbali mbali ziliitazama siku inayofuata kwa jicho moja, kwamba ni kule kutakakokucha. Makutano hayo yana faida kwa mtafsiri. Yanaonesha kwamba alfajiri ni nanga ya wakati inayoeleweka kotekote, kuliko hesabu ya saa.

3.4 Kutoka nomino za Kiarabu

Sehemu kubwa ya vielezi vya namna na vya uhakika katika Kiswahili ina asili ya Kiarabu, na mingi ya mikopo hiyo ilikuwa nomino katika lugha chanzi. Haraka katika Kiarabu ni mwendo au msogeo. Hima ni azma, ari. Taratibu ni mpangilio. Ghafla ni hali ya kughafilika, yaani kutokuwa macho. Jamaa yake kamili, -ghafilika, angali hai katika Kiswahili na maana yake ya awali. Kwa asili, jambo la ghafla ni jambo lililomkuta mtu hakujiandaa. Kasi ya jambo lenyewe ni maana iliyokuja baadaye.

Mfano wenye uzito kuliko yote ni labda. Katika Kiarabu, "lā budda" ina maana kwamba hakuna njia ya kukwepa, yaani ni lazima. Katika Kiswahili, labda ina maana ya huenda. Neno limesafiri kutoka ulazima hadi shaka, karibu kinyume kamili cha lilikoanzia. Wakati huo huo, nusu yake ya pili imebaki katika Kiswahili na nguvu zake zote: sina budi, hamna budi, hakuna budi. Maneno mawili yenye shina moja yanasimama leo katika ncha mbili za mizani ya uhakika. Kwa msikilizaji aliyesoma Kiarabu cha vitabu vya dini, jambo ambalo ni la kawaida katika pwani hii ya Kiislamu, umbo la kale bado ni neno la lazima. Anaposikia Kiswahili, anajua kuwa limegeuka. Mtafsiri naye hana budi kulijua hilo.

4.0 Yanayopotea Njiani

4.1 Dharura

Kuna kanuni inayojirudia katika lugha nyingi: neno linalomaanisha bila kukawia huja kumaanisha baada ya kitambo, kwa sababu binadamu huahidi upesi na kutenda polepole. Kiingereza cha kale kilikuwa na "sōna", mara hiyo hiyo. Mtoto wake wa leo, "soon", humaanisha baada ya muda usiotajwa. "Logo" ya Kireno imepita njia hiyo pia, kiasi kwamba hutumika katika kuagana kwa maana ya kuonana baadaye.

Kiswahili hakijasalimika. Sasa hivi hutegemea njeo ya kitenzi: "ameondoka sasa hivi" ni muda mfupi uliopita, "anaondoka sasa hivi" ni wakati huu, na "ataondoka sasa hivi" ni muda ujao ambao msemaji hajaupima. Mara moja ni tatizo zaidi, kwa kuwa hutaja idadi na pia dharura. "Sikilizeni redio mara moja" inaweza kueleweka kuwa kusikiliza bila kukawia, au kusikiliza kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Haraka nayo ina doa la kimaadili. Katika jamii inayofundisha kwamba haraka haraka haina baraka, kumwamuru mtu mzima atende kwa haraka kunaweza kusikika kama kumtaka aache busara. Upesi, linalohusiana na wepesi, na hima, lenye asili ya azma, hayana doa hilo. Maneno haya yote huorodheshwa kamusini kama visawe, lakini mbele ya wazee wa kijiji hayana uzito mmoja.

4.2 Uhakika

Utabiri wa hali ya hewa ni lugha ya uwezekano, na hauwezi kuikwepa. Tatizo huja pale kielezi cha uwezekano kinapowekwa karibu na agizo. Mtabiri husema huenda kimbunga kikafika. Ofisa husema watu wahame. Vikiunganishwa katika sentensi moja iliyofupishwa, shaka ya utabiri huhamia kwenye agizo, na msikilizaji husikia kwamba huenda akahitajika kuhama. Shaka ni ya kimbunga. Agizo halipaswi kuwa na shaka.

Upande wa pili, washauri kutoka nje huikosea inshallah. Mvuvi anaposema kuwa ataondoka alfajiri inshallah, hatoi ahadi dhaifu. Anathibitisha nia yake kwa adabu ya dini. Kuandika jibu hilo katika ripoti kama "hana uhakika" ni kosa la tafsiri linaloweza kubadili idadi ya vyombo vinavyopangwa kuwachukua watu.

4.3 Saa na siku

Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa macheo na machweo. Saa tatu asubuhi ni saa 9 kwa hesabu ya Kireno, na saa 15 ya Kireno ni saa tisa alasiri. "Três horas" ikitafsiriwa neno kwa neno kuwa saa tatu, kosa ni la saa sita kamili. Kwa mtu anayepaswa kuvuka kutoka kisiwani kwenda bara, saa sita ni tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa.

Sehemu za siku nazo hazilingani. Neno "tarde" la Kireno hutaja kipindi chote kuanzia adhuhuri hadi magharibi, na pia ni kielezi chenye maana ya kuchelewa. Kiswahili hugawa kipindi hicho kwa vipimo vya swala na jua: adhuhuri, alasiri, jioni, magharibi. Mtafsiri analazimika kuchagua kimoja, na asipoelezwa saa kamili atachagua kwa kubahatisha.

Kuhusu usiku, mfano uliotolewa katika utangulizi unatosha. Waandishi wa habari wa Afrika Mashariki wameshapata dawa yake katika fungu la kielezi "usiku wa kuamkia Ijumaa", ambalo linataja mapambazuko yanayofuata na kwa hivyo halina utata katika hesabu yoyote.

4.4 Upande na mahali

Kusini na kaskazini ni vielezi vilivyozaliwa na pepo: kusini ni upande wa kusi, kaskazini ni upande wa kaskazi. Si majina pekee ambayo pwani imewahi kuwa nayo. Upande wa kaskazini uliitwa pia kibla, na wa kusini suheli, kwa jina la nyota. Kwa kuwa jina la upande limetokana na upepo, "upepo wa kusini" ni fungu lenye utata: linaweza kueleweka kuwa kusi yenyewe, upepo wowote utokao kusini, au upepo uelekeao kusini. Katika msimu wa vimbunga, ambao huangukia miezi ya kaskazi, utata huo si mdogo. Mvuvi anayetafuta upande uliokingwa wa kisiwa anahitaji kujua upepo unatoka wapi.

Hatimaye ni hapo, huko na humo. Ngeli ya PA hutaja mahali mahususi, KU hutaja eneo lisilo na mipaka ya wazi, na MU hutaja ndani. Kireno husema "fiquem aí", yaani baki mlipo, bila kutofautisha mambo hayo. Mtafsiri wa Kiswahili lazima achague. "Kaeni humo" ni kukaa ndani ya nyumba. "Kaeni hapo" ni kutosogea mahali mlipo. "Kaeni huko" ni kubaki katika eneo hilo. Ikiwa nyumba ni ya udongo na makuti na upepo ni wa kimbunga, kosa la silabi moja linawaamuru watu kubaki chini ya paa litakaloanguka.

5.0 Tangazo la Mfano

Ili kuunganisha hoja hizi, tuchukue tangazo lililotungwa kwa ajili ya makala haya, katika umbo linaloweza kutokana na tafsiri ya neno kwa neno: "Huenda kimbunga kikafika usiku wa Ijumaa na upepo wa kaskazini. Watu wote wahame mara moja kabla ya saa tatu. Watakaobaki wakae humo." Kila neno ni la Kiswahili sanifu, na hakuna kosa la kisarufi. Hata hivyo, msikilizaji hajui ni usiku upi, upepo unatoka wapi, saa tatu ya asubuhi au ya usiku na kwa hesabu ipi, wala watakaobaki wakae ndani ya nini.

Tangazo hilo hilo linaweza kuandikwa hivi: "Kimbunga kinakuja. Kinatarajiwa kufika usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya swala ya magharibi siku ya Alhamisi. Upepo utatoka kaskazini kwenda kusini. Hamna budi kuhama leo, Jumatano, kabla ya saa tisa alasiri, yaani saa 15 ya Kireno. Asiyeweza kuhama aingie katika jengo la mawe, na akae humo mpaka atangaziwe kutoka." Tangazo la pili ni refu zaidi, lakini urefu huo hautokani na mapambo. Ni gharama ya kuondoa mzigo juu ya kielezi na kuuweka juu ya kitenzi, tukio na saa.

Inafaa kukumbuka kwamba Msumbiji imewahi kutumia mfumo wa bendera za rangi, bluu, njano na nyekundu, kuonesha ukaribu wa kimbunga. Kwa jicho la isimu, bendera hizo ni vielezi vya wakati visivyo na lugha, na nguvu yake ni kwamba rangi hailegei maana kama neno. Lakini bendera lazima ielezwe kwa maneno kabla ya siku ya hatari, na maelezo hayo yatakuwa na vielezi.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, kila muda unaotajwa katika tangazo uandikwe kwa hesabu mbili za saa, ya Kiswahili na ya Kireno, na ufungwe kwenye nanga moja ya mazingira: swala, macheo, machweo, maji kujaa au kupwa. Bamvua na maji mafu ni vipimo ambavyo kila mvuvi anavijua, na vinafaa kutajwa pale bahari inapotarajiwa kufurika.

Pili, usiku utajwe kwa fungu "usiku wa kuamkia" pamoja na tarehe.

Tatu, mara moja na sasa hivi yasitumike katika maagizo. Mahali pake pawekwe tendo na kikomo: "ondokeni kabla ya...".

Nne, sentensi ya utabiri na sentensi ya agizo zitenganishwe. Huenda, labda na pengine yabaki katika ya kwanza. Ya pili ibebwe na kitenzi cha kuamuru au "hamna budi".

Tano, upepo na uelekeo vielezwe kwa vitenzi viwili, unatoka na unakwenda, badala ya kielezi kimoja.

Sita, iandaliwe faharasa fupi ya vielezi vya tahadhari kwa Kireno, Kiswahili, Kimwani na Kimakwe. Kazi hiyo inaweza kuunganisha Taasisi ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Msumbiji na taasisi ya usimamizi wa maafa ya nchi hiyo, Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, TATAKI ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na BAKITA. Faharasa ijaribiwe kwa wazungumzaji kabla ya kuchapishwa, na jaribio lisiwe kuuliza "umeelewa?", kwa kuwa jibu la adabu ni ndiyo. Msikilizaji aulizwe: "Utafanya nini, lini, na utaelekea wapi?" Majibu matatu hayo ndiyo kipimo cha vielezi.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba vielezi ni maneno yaliyotoka mbali: kutoka mwili, akili, ini, ardhi, upepo, mapambazuko, na kutoka lazima iliyogeuka labda. Safari hiyo haijakoma, na haiendi kwa mwendo mmoja katika kila lugha. Kwa mtafiti, hii ni mada ya historia ya lugha. Kwa mshauri wa sera, ni suala la usalama. Nchi wanachama wa SADC zilikikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi ya jumuiya hiyo mwezi Agosti 2019, miezi minne tu baada ya Kimbunga Kenneth. Thamani ya uamuzi huo haitapimwa katika kumbi za mikutano peke yake. Itapimwa pia pale sauti ya redio itakapomfikia mvuvi wa Vamizi, naye akajua, bila kuuliza mara ya pili, ni usiku upi na upepo unatoka wapi.